Mshale Ulioniita Mwizi

Mtu akikuita mwizi kwa mdomo wake, unaweza kumjibu. Mimi niliitwa mwizi na mshale mwekundu usiozidi njiti ya kiberiti kwa urefu, ndani ya kioo chenye ufa, kwenye pikipiki ya kampuni. Na watu wazima wenye akili zao timamu wakauamini mshale kuliko walivyoniamini mimi. Miaka imepita, lakini nikilikumbuka jambo lile damu bado inanichemka.

Jina langu ni Ng'washi Luhaga. Mwaka tisini na nne nilikuwa nimeajiriwa na kiwanda kimoja cha minofu ya sangara pale Mwanza, moja ya vile vilivyochipuka kando ya ziwa baada ya serikali kuwaachia watu binafsi biashara. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka mialoni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, Igombe, Kayenze, hadi Kigongo wanakovukia kwenda Busisi, kuangalia samaki waliopatikana na kuwaambia mawakala gari la barafu litafika saa ngapi. Huko simu hazikuwepo. Simu nilikuwa mimi. Na kwa kuwa wavuvi hawamsubiri mtu, kampuni iliniruhusu kulala na pikipiki nyumbani kwetu Kirumba ili alfajiri niondokee hapo hapo.

Pikipiki yenyewe ilikuwa kuukuu, ya Kijapani, iliyonunuliwa kwenye mnada wa mradi fulani wa Wazungu waliofunga virago. Tangi lilikuwa chini ya kiti. Kifuniko cha kujazia mafuta kilikuwa na kufuli, na ufunguo wake alikaa nao meneja wetu, Bwana Mihayo, mfukoni, pamoja na kalamu zake mbili. Zamani alikuwa karani wa ushirika, sasa alivaa tai na kila baada ya maneno matatu alitia neno ufanisi. Jumatatu asubuhi alikuja mwenyewe na ufunguo, tangi linajazwa mpaka juu, anafunga, anaondoka, mpaka Jumatatu nyingine.

Katikati ya wiki mafuta yalilindwa na daftari. Kila nilipopita langoni, mlinzi, mzee Maige, aliinama juu ya usukani akausoma mshale wa mafuta na kuandika: umejaa, robo tatu, nusu. Mimi nilimpa shikamoo yake, yeye akaniitikia marahaba, kisha akaandika. Kwa miezi mingi aliandika nusu. Mshale ulikuwa umeganda katikati, tangi likijaa ni nusu, likikauka ni nusu, na hakuna aliyeuliza. Nusu iliwaridhisha wote. Aliyeumia ni mimi, kwa sababu siku moja petroli iliniishia karibu na Kayenze mshale ukinionyesha nusu, nikaisukuma ile pikipiki kwenye mchanga mpaka mwaloni, wanaume wamekaa juu ya mitumbwi yao wananiangalia na kucheka. Mwanamke juu ya pikipiki lilikuwa jambo la kuchekesha tayari. Mwanamke chini yake, anaisukuma, lilikuwa sinema.

Basi Jumatatu moja, tangi lilipojazwa, mshale ukapanda wenyewe mpaka mwisho. Nikafikiri mashimo ya barabara ya Igombe yameutikisa ukafunguka. Nilifurahi na sikumwambia mtu. Bwana Mihayo naye alifurahi, akasema hata pikipiki imeanza kuelewa maana ya ufanisi.

Jumanne jioni mshale ulikuwa umeshuka hadi nusu. Niliona ajabu, maana nilikuwa nimekwenda Igombe na kurudi tu, si Musoma. Jumatano ilinyesha mvua ya kutisha, mitumbwi haikutoka, nikatoka Kirumba moja kwa moja hadi kiwandani, mwendo wa dakika chache. Mzee Maige akainama, akasoma, akasoma tena. Ilikuwa chini ya robo. Alipekua daftari nyuma, akaangalia alichoandika jana yake, akaniangalia mimi. Alifunga daftari, akaliweka kwapani na kuelekea ofisini akikwepa madimbwi.

Niliitwa kabla koti langu la mvua halijakauka. Bwana Mihayo alikuwa amekaa na daftari mbele yake.

"Ng'washi," akasema, "mafuta unampelekea nani?"

Nilimwambia simpelekei mtu. Akasema pikipiki ililala kwangu ikiwa na nusu, ikaamka na robo, je, ilikwenda wapi usiku peke yake? Nikamwambia ufunguo anao yeye. Akanijibu kwamba wezi wa mafuta hawahitaji ufunguo, wanajua kunyonya kwa mpira. Hapo kichwa kiliniwaka moto, lakini nilijizuia, nikamwomba jambo dogo kabisa: atoke, afungue kifuniko, tutumbukize kijiti tuone mafuta yamefika wapi. Mvua ilikuwa imekatika. Pikipiki ilikuwa hatua ishirini kutoka kwenye kiti chake.

"Geji hii wameitengeneza Wajapani," akasema. "Unataka niwaache Wajapani, niamini kijiti?"

Akaniandikia barua. Ijumaa saa nne nifike kujieleza juu ya tuhuma za wizi wa mafuta ya kampuni. Kila mtu alijua kuwa mwisho wa mwezi ule watu wangepunguzwa, na kila mtu alijua orodha huanza na wale wenye barua. Lakini kupunguzwa ningevumilia. Wenye viwanda wote pale Mwanza walijuana, walikula pamoja, na neno wizi likishakaa kwenye faili lako hakuna lango la kiwanda litakalofunguka tena. Hata kuuza dagaa ningetazamwa vikombe vyangu vya kupimia. Niliipokea barua ile, nikatoka. Akina mama wa kwenye meza za minofu wakanyamaza nilipopita. Mmoja nilimsikia akisema nyuma yangu kumbe ndiyo maana nimeezeka bati mpya. Bati zile nilizinunua moja moja kwa miaka miwili!

Na kazi iliendelea, ndilo lililoniudhi zaidi. Mwizi, lakini Alhamisi uende Kayenze. Nilikwenda. Mshale ulikuwa umelala chini kabisa, umegusa mwisho, na pikipiki ikanipeleka Igombe, ikanipeleka Kayenze, ikanirudisha, bila hata kukohoa. Nilipofika langoni nilimwambia mzee Maige kwamba nimetoka Kayenze na tangi tupu, kama anavyoona, je, ameniona nikisukuma? Aliwaza kidogo. Kisha akasema yeye kazi yake ni kusoma mshale, mambo ya Kayenze hayamo kwenye daftari. Akaandika: tupu.

Alasiri hiyo nikaenda Mirongo kwa fundi Nkwabi, aliyekuwa na kibanda cha pikipiki karibu na mto. Nilimweleza yote kwa mfululizo mmoja, nafikiri kwa sauti kubwa, kwa sababu mama wa maandazi wa jirani alisogeza kigoda chake karibu asikie vizuri. Nkwabi alinisikiliza akifuta mikono. Hakugusa bisibisi. Aliniuliza kwanza: mshale unashuka ghafla au taratibu? Nikasema taratibu, siku tatu. Ukipita kwenye mashimo unarukaruka? Haurukiruki.

"Kinachoshuka taratibu si waya," akasema. "Waya ukikatika mshale unadondoka papo hapo. Lakini tutapima, tusije tukasingizia na sisi."

Neno hilo lilinigusa. Akawasha taa, ikawaka vizuri; betri nzima. Akainua kiti. Juu ya tangi, mbali na kile kifuniko chenye kufuli, kulikuwa na sahani ya bati ya mviringo imefungwa kwa skrubu tano, na katikati yake waya mmoja unaokwenda hadi kwenye mshale. Akauchomoa waya ule, akafungua swichi, akaugusisha kwenye chuma cha pikipiki. Mshale ukapanda mpaka juu kabisa. Akautoa, mshale ukashuka. Akarudia mara tatu ili nione.

"Mshale mzima, waya mzima," akasema. "Mwongo yuko ndani ya tangi."

Aliposhika skrubu aliniita nizitazame. Vichwa vyake vilikuwa na mikwaruzo mipya inayong'aa. Kuna mtu amepita hapa juzi juzi, akasema. Mimi nilikuwa nazitazama zile skrubu kwa hasira ya aina nyingine: wiki hadi wiki mtu mzima analinda ufunguo kama wa benki, na kumbe pembeni ya kufuli lake kuna mlango wa pili unaofunguliwa kwa bisibisi ya kawaida, na kiwanda kizima hakuna anayeujua!

Sahani ikatoka. Nikachungulia, nikaona petroli. Ilikuwa zaidi ya nusu, imetulia, inametameta, haijaenda popote. Nilimwita mama wa maandazi aje aangalie. Akaja, akachungulia kwenye tangi la pikipiki isiyomhusu, akasema ni kweli, ipo. Ningewaita Mirongo nzima kama wangekubali.

Chini ya ile sahani kulikuwa na mkono mwembamba wa waya, na mwisho wa mkono ndipo linapokaa boya. Nkwabi alinieleza: mafuta yakijaa boya linaelea juu na mshale unapanda, mafuta yakipungua linashuka nayo. Boya la kiwandani huwa kopo dogo la shaba lililozibwa. Letu halikuwa la shaba. Lilikuwa kitu cha bluu, kimevimba na kulegea kama andazi lililosahauliwa kwenye chai, kinaning'inia huku kikidondosha petroli. Nkwabi alikibonyeza kwa kidole, kikabonyea. Akakinusa. Akaanza kucheka.

"Kandambili," akasema. "Aliyefanya hivi ni mtu wa ziwani, dada."

Alikuwa na haki ya kucheka. Pwani yote ya ziwa letu, ukiangalia nyavu, maboya yake ni kandambili. Zikikatika hazitupwi, zinachongwa vipande vya mviringo, zinafungwa kwenye kamba ya juu ya wavu, na zinaelea mwaka mzima bila kulalamika. Maji hayaingii. Mtu wa ziwani ukimwomba boya, mkono wake unakwenda kwenye kandambili kabla hujamaliza kusema. Ila petroli si maji. Mpira ule unainywa polepole, unavimba, unakuwa mzito na kuzama, siku ya kwanza kidogo, ya pili zaidi, ya tatu umefika chini, na mshale unaufuata. Hayo yote Nkwabi aliyasema akiligeuza lile dudu mkononi, na mimi nilikuwa nimeacha kumsikiliza.

Nilikuwa naangalia uzi. Boya lilifungwa kwenye mkono wa waya kwa uzi mweusi wa nailoni. Mafundi wengi wa nyavu humaliza fundo kwa kuchoma ncha ya uzi kwa kiberiti. Fundo hili halikuchomwa. Ncha ilikuwa imerudishwa ndani ya fundo na kukazwa kwa meno, mara tatu. Mpira ulikuwa umeoza kabisa na fundo halikulegea hata kidogo. Kuna mtu mmoja tu niliyemwona akifunga hivyo, na nilikuwa nimempikia uji asubuhi.

Nkwabi aliniona uso. Nikamwambia ni mume wangu. Aliacha kucheka mara moja. Alifikiri, kisha akaniambia, kwa upole ambao sikuutegemea, kwamba kesho niseme ni yeye Nkwabi aliyeweka. Yeye hana bosi, hana faili, hana cha kupoteza. Maana pale kiwandani, kwenye ukuta wa ofisi, kulikuwa na tangazo: mali ya kampuni isiguswe na mtu wa nje asiye fundi aliyeidhinishwa. Fundi wa mjini wangeweza kumsamehe. Mume wa mfanyakazi, nyumbani, na bisibisi yake, haiwezekani.

Mume wangu anaitwa Zadok Odoyo, Mjaluo wa upande wa Shirati. Miaka kumi na sita alikuwa fundi wa nyavu kwenye shirika la umma. Mwaka uliotangulia shirika likabinafsishwa, naye na wenzake wakarudishwa nyumbani kwa barua ya mistari mitatu. Tangu siku hiyo alikuwa akishona nyavu za wavuvi barazani kwetu, na alikuwa amekuwa mpole kupita kiasi. Habishani. Anaomba radhi hata mbuzi wa jirani wakimkanyaga.

Nilimkuta barazani na wavu magotini. Habari za barua nilikuwa sijamwambia. Nililitupa lile dubwana la bluu juu ya wavu wake. Alilitazama, akalijua, na uso wake ukashuka.

Aliniambia ukweli bila kuulizwa mara mbili. Yeye ni Msabato, mimi ni Mkatoliki. Jumapili nikiwa kanisani yeye yuko nyumbani na pikipiki, na Jumamosi yake ameshaimaliza. Kule mwaloni alikuwa amesikia watu wakisimulia jinsi nilivyosukuma Kayenze, wakiigiza. Hakuniambia. Jumapili akafungua, akakuta mkono wa boya umeganda kwa kutu na boya la shaba limetoboka. Akaulainisha mkono, akatupa shaba, akachonga kandambili ya binti yetu Sharon iliyokatika kamba. Aliona ninavyofurahi Jumatatu, akanyamaza, akitaka nifikiri imejitengeneza.

"Nilitaka usisukume tena," akasema. "Samahani, mama Sharon."

Mtu mwema angelainika hapo. Mimi sikulainika. Nilimuuliza samahani yake nikaiweke wapi, nikaiambatanishe kwenye faili? Nikamwambia tangu jana naitwa mwizi, nimenyamaziwa na wanawake ninaowapa lifti, yeye amekaa hapa na uzi. Halafu nikasema neno ambalo lilitoka na sikulirudisha. Nilisema shirika lilijua lilichofanya lilipomrudisha nyumbani.

Aliokota kile kipande kwenye wavu, akakikunja ndani ya gazeti taratibu asimwage petroli, akaniwekea mezani. Baadaye, tulipokuwa tunakula, akasema kesho niseme ni fundi wa Mirongo, yeye nisimtaje. Akasema samahani tena. Nikainuka na sahani yangu.

Ijumaa saa nne niliingia ofisini na lile gazeti. Mzee Maige alikuwepo na daftari lake kama shahidi. Niliiweka barua juu ya meza, nikasema kabla sijajieleza meneja achukue ufunguo tutoke nje, na kama hatatoka nitasimama uani nimwambie kila anayepita kwamba ameogopa kufungua tangi. Sauti yangu ilikuwa imeshafika kwenye meza za minofu. Alitoka.

Alifungua mbele ya watu. Nikampa kijiti mkononi, nikataka akitumbukize mwenyewe. Kikatoka kimelowa hadi zaidi ya nusu, siku ya tano, baada ya Igombe na Kayenze na Igombe tena. Alikitazama kijiti, akautazama mshale uliokuwa umelala chini, akakitazama kijiti. Watu walikuwa wamekusanyika, visu vya minofu mikononi. Hakuna aliyesema lolote. Nilingoja. Nikafungua gazeti, nikaonyesha boya, nikaeleza linavyofanya kazi, kwa nini mshale ulishuka usiku pikipiki ikiwa imelala. Nilieleza vizuri.

"Nani aliweka takataka hii?" Bwana Mihayo akauliza.

"Fundi," nikasema. Nilikuwa nimeshaandaa jina la Nkwabi mdomoni.

Akaliinua lile boya kwa vidole viwili, juu, watu waone. Alikuwa ameshapata pa kutokea. Akasema tazameni, fundi gani mpumbavu anaweka kandambili kwenye petroli? Lazima ni mmoja wa wale wa mashirika ya umma, miaka ishirini wanalipwa kwa kubangaiza, ndiyo maana yakafa. Watu wakacheka. Wale wale ambao dakika moja kabla hawakuweza kukitazama kijiti, sasa walikuwa wamepata sauti. Mzee Maige naye alicheka, amelikumbatia daftari.

Na mimi niliyekuwa nimesema neno kama hilo hilo jana yake, nyumbani, usoni kwake, nilisikia jinsi linavyosikika. Nilisikia aibu na hasira kwa pamoja, na hasira ikatangulia.

"Ni mume wangu," nikasema. "Anaitwa Zadok Odoyo. Nyavu mnazowakopesha wavuvi zikichanika, anazishona yeye. Amekosea kitu kimoja, hakujua kwamba petroli inakula mpira. Ninyi mlikuwa na ufunguo mfukoni na vijiti vimejaa chini, mkaona rahisi zaidi ni kuniita mwizi. Sasa nani mpumbavu?"

Kicheko kikakatika. Bwana Mihayo aliliweka boya chini, akajifuta vidole kwa leso. Tukarudi ofisini. Hapo aliniambia, kwa sauti ya chini kama mtu anayetoa ushauri, kwamba ningesema ni fundi wa mjini mambo yangeishia pale pale uani. Nikamwambia najua. Akasema sasa analazimika kuandika onyo, kwa kumruhusu mtu wa nje kugusa mali ya kampuni, na onyo nalo ni barua kama barua nyingine, mwisho wa mwezi utakapofika. Nikamwambia aandike, lakini kwanza achukue ile ya kwanza akate neno wizi, kwa kalamu, na aweke sahihi yake pembeni. Tulitazamana. Akachukua kalamu moja kati ya zile mbili, akakata.

Aliandika onyo, nikalipokea. Akaangalia saa, akasema gari la barafu linaondoka saa tano, Kigongo wananisubiri. Nikabaki nimesimama. Akauliza nasubiri nini. Nikamwambia kuna neno halijasemwa bado. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, nadhani, hakuwa akijifanya. Kisha akasema katika ofisi jambo linaisha kwa maandishi, na maandishi ninayo mkononi.

Nilipita langoni. Mzee Maige akainama, akasoma mshale uliokuwa chini kabisa, akaandika: tupu. Sikumpa shikamoo. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kumpita mtu wa umri ule bila salamu, na sijajuta.

Nikaenda Kigongo, nikarudi. Wanawake wa minofu niliwakuta wanatoka, mmoja akanisalimia kwa uchangamfu mkubwa, akaniuliza habari za Kigongo, kana kwamba wiki ile haikuwepo. Aliyesema habari za bati zangu alinipungia mkono. Kila mmoja alikuwa amesharudi mahali pake, wepesi mno, na mimi peke yangu nilikuwa bado nimelibeba lile jambo zima, toka kiwandani mpaka Kirumba, na hakuna aliyejitolea kunipokea hata upande mmoja.

Zadok alikuwa amesimama mlangoni. Hakushika sindano ya nyavu, nadhani hakushona siku nzima. Nilimwambia nimemtaja. Alifumba macho kidogo. Nikamsimulia kila kitu, kijiti, kicheko, walichokisema juu ya mashirika, nilichowajibu, na onyo nililolipata. Nilikuwa naongea haraka ili nisifike kwenye lile neno langu la jana, ambalo nililiona mbele yangu kila sentensi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja tu.

"Wamekuomba radhi?"

"Hapana."

"Hata yule mzee wa langoni?"

"Hata yeye."

Alitikisa kichwa polepole, akaangalia chini, akawa kama anatafuta kitu cha kunipa na haoni.

"Basi chukua ya kwangu, mama Sharon," akasema. "Ndiyo iliyopo."

Nilikuwa nimeikataa mara mbili. Watu wote walionikosea wiki ile walikuwa wamekwenda kula chakula chao kwa amani, na aliyekuwa amesimama mbele yangu akiomba radhi kwa niaba yao wote ni yule mmoja aliyetaka nisisukume. Nikaichukua. Halafu nikakaa pale pale barazani juu ya nyavu zake, na kwa shida sana, maana sikuzoea, nikampa na ya kwangu.